Gari likilia 'ta ta ta' kwenye kona: Chanzo chake, vipimo na tiba

MLIO wa 'ta ta ta' unaosikika kwenye gurudumu la mbele pindi gari linapokata kona ni miongoni mwa dalili ambazo madereva wengi huzizoea badala ya kuzishughulikia. Gari likinyooka mlio hutoweka, safari huendelea, na siku hugeuka wiki, wiki nazo zikawa miezi.

Kwa mkazi wa Makoko, kata iliyo kandokando ya Ziwa Victoria katika Manispaa ya Musoma, mazoea hayo yana gharama yake. Gari lile lile linalopeleka abiria mjini asubuhi ndilo huombwa usiku kumkimbiza mgonjwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kwangwa, au kuwapeleka ndugu msibani Butiama na Bunda kupitia Makutano. Jointi iliyolia kwa miezi mitatu haichagui safari ya kukatikia.

Hata hivyo, hitilafu hii ni miongoni mwa zile ambazo dereva mwenyewe anaweza kuzitambua bila kifaa chochote cha gharama. Anachohitaji ni uwanja ulio wazi, masikio yake na dakika 10. Akishajua chanzo, hatabebeshwa kipuri asichokihitaji, na gari halitamwacha njiani kwa tatizo lililotoa taarifa mapema.

Sehemu inayolia ni ipi?

Magari mengi madogo yaliyozoeleka nchini, yakiwamo Toyota Corolla ya miaka ya karibuni, Vitz, IST, Spacio, Carina na Probox, huvutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha husafirishwa hadi kwenye kila gurudumu kwa mhimili wa chuma ambao mafundi huuita shafti.

Gurudumu la mbele hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, hupanda na kushuka kufuatana na mashimo na matuta ya barabara. Pili, hugeuka kulia na kushoto kwa amri ya usukani. Shafti iliyonyooka tupu isingeweza kulizungusha gurudumu la namna hiyo bila kuvunjika. Ndiyo maana kila shafti ina viungo viwili: kimoja ndani, karibu na giaboksi, na kingine nje, karibu na gurudumu. Kiungo hicho ndicho mafundi hukiita sivii jointi.

Jointi ya nje ina kikombe cha chuma chenye mifereji sita kwa ndani. Katikati yake kuna kitovu chenye mifereji sita inayolingana na ile ya kikombe, na baina yao hukaa gololi sita za chuma zinazoshikiliwa na kizimba. Gurudumu linapokunjwa, gololi huteleza ndani ya mifereji hiyo huku zikiendelea kupitisha nguvu, na mwendo wa gurudumu haubadiliki.

Umbo hilo si jipya. Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford ya Marekani, alibuni jointi ya gololi sita katika miaka ya 1920. Ilipata umaarufu mkubwa baada ya mwaka 1959, gari dogo la Mini lilipoingia sokoni nchini Uingereza likivutwa na magurudumu ya mbele. Tangu hapo jointi ya aina hiyo imesambaa katika magari madogo duniani kote.

Kinachoharibu jointi

Jointi yenyewe ni ngumu na ikitunzwa hudumu kwa miaka mingi. Udhaifu wake upo kwenye mpira unaoifunika. Mpira huo wenye mikunjo hushikiliwa na vibano viwili na una kazi mbili: kuzuia grisi isitoke, na kuzuia vumbi na maji visiingie.

Mpira huo hukunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara katika kila safari. Kwa umri na joto hukauka, ukaanza kuonyesha nyufa ndogo kwenye mikunjo, na mwishowe hupasuka. Jiwe au mwiba wa barabarani huweza kuuharakisha mwisho huo.

Ukishapasuka, gurudumu linapozunguka hurusha grisi nje kupitia ufa. Nafasi iliyoachwa hujazwa na mchanga na vumbi. Mchanga uliochanganyika na mabaki ya grisi hufanya kazi kama msasa: hula gololi, hula mifereji, na kuacha mashimo madogo ambayo gololi huyarukia kila jointi inapokunjwa. Kule kuruka ndiko dereva anakokusikia kama 'ta ta ta'.

Barabara za vumbi na changarawe za vijijini, pamoja na tope la masika ya Machi hadi Mei na la vuli, huharakisha uharibifu huo. Katika miji ya kando ya Ziwa Victoria huongezeka jambo jingine: mazoea ya kuingiza magari majini ili kuyaosha. Mbali na kuchafua ziwa, maji yanayoingia kwenye mpira uliopasuka huosha grisi iliyobaki na kuanzisha kutu ndani ya jointi kwa muda mfupi.

Ni muhimu ifahamike kwamba kati ya siku mpira unapopasuka na siku mlio unapoanza kuna muda, na katika muda huo jointi bado huweza kuokolewa kwa gharama ndogo. Mlio ukishaanza, chuma kimeshaliwa na hakirudi.

Vipimo vya kufanya mwenyewe

Kipimo kifanyike kwenye uwanja mpana usio na watoto wala wapita njia. Redio izimwe na vioo vyote vishushwe.

1. Kunja usukani hadi karibu na mwisho upande wa kushoto, kisha endesha polepole kwa kuzunguka duara huku ukikanyaga mafuta kidogo. Sikiliza.

2. Rudia kwa kukunja upande wa kulia.

3. Fanya hivyo hivyo ukirudi nyuma, kushoto na kulia. Jointi iliyoanza kuchoka huweza kulia kinyumenyume kabla haijaanza kulia gari likienda mbele.

4. Nyoosha usukani, ongeza mwendo ghafla, kisha achia mafuta ghafla.

Mlio wa jointi ya nje una alama tatu. Husikika gari likiwa kwenye mwendo na usukani ukiwa umekunjwa. Huongeza kasi kadiri gari linavyoongeza kasi, kwa kuwa hufuata mzunguko wa gurudumu. Na huwa mkubwa zaidi mafuta yanapokanyagwa.

Kwa kawaida jointi mbovu ni ile ya upande wa nje wa kona. Gari likilia linapokata kushoto, jointi ya kulia ndiyo ya kwanza kushukiwa, na likilia linapokata kulia hushukiwa ya kushoto. Lakini hiyo si sheria isiyo na pingamizi. Sauti husafiri kwenye chuma na huweza kumpoteza msikilizaji, hivyo pande zote mbili zikaguliwe kabla ya kununua chochote.

Iwapo katika kipimo cha nne gari linatoa mshindo mmoja mzito wa 'gduu' wakati mafuta yanapokanyagwa au kuachiwa, ama linatetemeka linapochanganya mwendo kwenye barabara iliyonyooka, jointi ya ndani ndiyo ya kutazamwa. Hii aghalabu huwa na roli tatu badala ya gololi sita, na dalili zake ni tofauti.

Ukaguzi kwa macho

Baada ya masikio, macho yafuate. Gari lisimame mahali tambarare, handibreki ivutwe na magurudumu ya nyuma yawekewe mawe. Kisha usukani ukunjwe hadi mwisho ili nyuma ya gurudumu la mbele ionekane.

Mpira mzima huwa mkavu kwa nje. Ukionekana na ufa, au kukiwa na grisi nyeusi iliyoruka kwa mstari kwenye ringi, kwenye shokapu na chini ya tao la gurudumu, mpira umepasuka. Mikunjo yote ikaguliwe kwa kidole, kwani ufa huweza kujificha ndani yake hadi mpira unaponyooka.

Gari likiinuliwa kwa jeki, lazima liwekewe stendi imara kabla ya mtu kuingiza mkono au kichwa chini yake. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shafti ishikwe kwa mkono na kutikiswa juu na chini karibu na jointi ya nje. Mchezo mkubwa wenye mgongano wa chuma ni ushahidi wa jointi iliyokwisha.

Milio inayofanana

Si kila mlio wa kona ni jointi. Wapo madereva waliobadilisha shafti nzima na kurudi barabarani na mlio ule ule, kwa sababu chanzo kilikuwa kwingine. Mambo yafuatayo yatazamwe kwanza, kwa kuwa mengine hayagharimu kitu.

Nati za tairi. Nati zilizolegea hutoa mgongano unaobadilika kwenye kona. Hili ni la hatari kuliko yote, maana tairi huweza kuchomoka. Zikazwe kabla ya uchunguzi mwingine wowote.

Jiwe kwenye tairi au kofia ya ringi iliyolegea. Hulia kwa mzunguko wa gurudumu kama jointi, lakini husikika hata gari likinyooka.

Linki za stabilaiza na bushi. Hugonga gari linapopita kwenye mashimo na matuta, hata usukani ukiwa umenyooka.

Boli jointi na tairodi. Hutoa mlio mmoja wa 'tak' usukani unapogeuzwa, na mara nyingi husikika hata gari likiwa limesimama. Zikichoka hufanya usukani uwe na mchezo. Hizi ni sehemu za usalama wa moja kwa moja; boli jointi ikichomoka gurudumu hulala na dereva hupoteza uwezo wa kuliongoza gari.

Maunti ya shokapu. Springi hujikusanya na kujiachia kwa mshtuko usukani unapokunjwa gari likiwa limesimama. Ukiweka mkono juu ya maunti wakati mwenzako anageuza usukani, mshtuko huo hushikika mkononi.

Beringi ya gurudumu. Hii haigongi bali hunguruma, na mngurumo hubadilika gari linapoegemea upande mmoja.

Kanuni fupi ya kukumbuka ni hii: mlio unaotoka gari likiwa limesimama si wa sivii jointi. Jointi hulia tu inapozunguka.

Magari yasiyo ya mkondo huu

Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Mark II za zamani na Noah za kabla ya mwaka 2001 zisizo na mfumo wa magurudumu manne, hayana shafti za mbele. Mlio wa kona katika magari hayo utafutwe kwenye orodha iliyotangulia.

Land Cruiser za aina ya mkonga, ambazo hutumika sana katika miradi na vijijini, zina jointi za mbele zilizofichwa ndani ya eksili. Magurudumu manne yasipowashwa na habu zikiwa huru, jointi hizo hazifanyi kazi na huweza kukaa kimya ingawa zimechoka. Zitalia siku dereva atakapoingia kwenye tope na kuwasha magurudumu manne. Kwa upande mwingine, gari la aina hiyo likikata kona kali kwenye lami kavu huku magurudumu manne yakiwa yamewashwa, hukaza na kushtuka. Hapo hitilafu ni ya matumizi, wala si ya jointi.

Tiba kwa kadiri ya hatua

Tiba hutegemea jointi imefikia wapi.

Mpira umepasuka, hakuna mlio. Shafti itolewe, jointi ifunguliwe na kuoshwa hadi mchanga wote utoke, ikauke, ikaguliwe, kisha ijazwe grisi mpya na kuvishwa mpira mpya na vibano vipya. Grisi inayofaa ni ile nyeusi iliyotengenezwa kwa ajili ya jointi hizi, ambayo aghalabu huuzwa pamoja na mpira. Gololi zikionekana na vidoa vya kuliwa, au mifereji ikiwa na mashimo, kuosha hakutasaidia.

Mlio umeanza. Jointi ibadilishwe. Iwapo jointi ya ndani ni nzima, ya nje huweza kununuliwa peke yake. Iwapo zote mbili zimechoka, shafti nzima huwa nafuu kwa jumla ya ufundi na vipuri.

Zipo tiba za muda zinazotolewa mitaani ambazo mwenye gari anapaswa kuzifahamu kwa majina yake. Kujaza grisi kwenye jointi iliyoliwa hupunguza mlio kwa siku chache bila kurudisha chuma. Kufunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu huweza kumfikisha msafiri gereji, lakini huteleza na kuchanika. Ujanja mwingine ni kuhamisha jointi ya kulia kwenda kushoto, pale vipimo vinaporuhusu, ili gololi zisukume upande wa mfereji usioliwa. Mlio hutulia, lakini jointi inabaki nusu ya ilivyokuwa. Fundi mwaminifu anapofanya hivyo humweleza mteja kwamba amemnunulia muda tu.

Kazi ya kubadilisha

Kazi yenyewe huhitaji fundi mwenye zana kamili, lakini mwenye gari akijua mpangilio wake ataweza kuisimamia.

Nati kubwa ya katikati ya habu hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, kwa kuwa nguvu inayohitajika huweza kulitikisa gari juu ya stendi. Kisha gari huinuliwa, tairi hutolewa, na boli jointi ya chini au boliti za shokapu hufunguliwa ili habu ivutwe pembeni. Breki isiachwe ikining'inia kwa hozi yake. Ifungwe kwa waya.

Ikiwa shafti nzima itatolewa, oili ya giaboksi humwagika. Hivyo itayarishwe oili ya aina iliyoainishwa na mtengenezaji, na sili ya shafti ikaguliwe. Oili isiyo sahihi kwenye giaboksi ya otomatiki huweza kuleta hasara kubwa kuliko jointi yenyewe.

Jointi ya nje hutoka kwa kugongwa kitovu chake, kwani hushikwa na pete ndogo ya chuma kwenye meno ya shafti. Pete mpya itumike wakati wa kurudisha, na jointi igongwe hadi pete ikae sawasawa. Shafti ikivutwa kwa nguvu, jointi isitoke.

Nati ya habu ikazwe kwa toki spana kwa kipimo cha mtengenezaji, gari likiwa bado halijasukumwa hata hatua moja, kisha ifungwe kwa kota pini au kwa kupondwa ukingo, kulingana na aina yake. Ikilegea huua beringi. Nayo ikikazwa kwa kubahatisha huleta matokeo yale yale.

Kununua kipuri

Jointi mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana idadi ya meno ya ndani, idadi ya meno ya nje, na kipenyo cha kikombe. Magari yenye breki za ABS huweza kuwa na pete ya meno juu ya jointi. Ikikosekana, taa ya ABS huwaka na mfumo huo huacha kufanya kazi. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na jointi ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi ya gari.

Shafti iliyotumika kutoka gari jingine huweza kuwa bora kuliko jointi mpya ya bei ya kutupa, mradi ikaguliwe. Ikunjwe na kuzungushwa kwa mkono: iende laini bila kukwama wala kugonga. Mipira yake ibadilishwe hata kama bado haijapasuka.

Ikikatika, nini hutokea?

Jointi ikivunjika, gari huacha kuvuta. Injini huunguruma, gia huingia, lakini gurudumu halizunguki, kwa sababu difu hupeleka nguvu yote upande usio na mzigo. Shafti iliyoachia huweza kupigapiga na kukata hozi ya breki.

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Katika gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele, gia ya kuegesha hushikilia gari kupitia shafti hizo hizo. Shafti moja ikikatika, gia hiyo haishiki tena, na gari lililo kwenye mteremko huondoka lenyewe. Dereva aliyepatwa na mkasa huo avute handibreki na kuweka mawe kwenye magurudumu kabla abiria hawajashuka, na hasa kabla ya mtu yeyote kupita mbele ya gari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachoendeshwa barabarani kiwe katika hali nzuri ya ufundi. Kwa mwenye teksi au gari la abiria, jointi inayolia ni sababu ya kutosha kuliondoa gari kwenye safari ndefu hadi litengenezwe. Kwa safari isiyoepukika ya kwenda gereji, dereva aende polepole, aepuke kukunja usukani hadi mwisho na asikanyage mafuta kwa nguvu kwenye kona.

Kinga

Kinga ya hitilafu hii haina gharama. Kila oili ya injini inapobadilishwa, fundi huwa tayari yuko chini ya gari. Aombwe aitazame mipira yote minne, miwili ya ndani na miwili ya nje, na mwenye gari aitazame mwenyewe. Aidha, baada ya safari ya barabara ya changarawe au tope, ringi zichunguzwe kama zina grisi iliyoruka.

Mpira uliogunduliwa siku hiyo hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya jointi, na gari hurudi kazini jioni ile ile.